Kifua kinapobana: umeme unaotuliza maumivu ya moyo



Katika vizite ya mwaka tunasikia mara nyingi mazungumzo ya namna moja. Mganga anauliza: «Kifua namna gani?» Mtu anajibu: «Kizima, Dokta.» Kisha, akiwa anafunga vifungo vya shati, anasema polepole kwamba akipanda ngazi za shimoni kuna kitu kinamkaza katikati ya kifua, sawa na mkanda mzito, na kwamba akisimama dakika chache kinamwachilia. Mbio anaongeza: «Lakini si ugonjwa, ni upepo tu.» Hataki neno hilo liandikwe katika karatasi yake, kwani anaogopa kuondolewa kazi ya chini pamoja na malipo yake.

Upepo huo una jina. Waganga wanauita anjini ya kifua. Leo tutasema juu yake, na zaidi juu ya matibabu moja ambayo watu wanayataja bila kuyaelewa: umeme unaopitishwa kwenye mishipa ya fahamu ili kutuliza maumivu makali ya moyo. Wengine wanasema umeme huo unaponya moyo kabisa. Wengine wanasema unaua. Yote mawili si kweli.

POMPI NA TIYO ZAKE

Kila mtu wa chini anajua kazi ya pompi. Ikisimama, maji yanapanda na shimo linafungwa. Moyo ni pompi ya namna hiyo. Mtu akiwa amekaa, moyo unasukuma karibu litre 5 za damu kila dakika, na kwa siku moja unapiga mara 100 000 hivi. Lakini pompi yenyewe inahitaji chakula chake. Damu inayojaa ndani ya moyo haiulishi. Unalishwa na mishipa miwili myembamba inayouzunguka kwa nje, wa kuume na wa kushoto. Mafuta na uchafu vikigandamana ndani ya mishipa hiyo, inakuwa sawa na tiyo iliyojaa kutu. Mtu akipumzika, damu inayopita inatosha. Akipanda kilima, ao akisukuma gari la mawe, ao akikasirika sana, moyo unataka damu zaidi na haipatikani. Hapo unalia.

Mganga mmoja wa Uingereza, William Heberden, aliwaeleza wenzake wa London ugonjwa huu katika mwaka 1768. Aliona kwamba unamshika mtu akitembea, zaidi akipanda mlima na akiisha kula, na kwamba akisimama unamwacha. Mpaka leo hakuna dalili iliyo bora kuliko hiyo. Maumivu ya kichomi yanazidi ukivuta pumzi. Maumivu ya nyama ya kifua yanazidi ukibonyeza kwa kidole. Anjini inafuata kazi: inakuja na juhudi, inakwenda na mapumziko.

Wengi wanauliza sababu gani moyo ukiumwa mkono wa kushoto nao unauma, hata taya. Mishipa ya fahamu inayotoka moyoni inaingia katika kamba kubwa ya fahamu ndani ya mifupa ya mgongo, upande wa juu, karibu na mahali pale ambapo mishipa ya mkono inaingia. Habari zinafika kwenye mlango mmoja, na kichwa kinashindwa kujua zimetoka wapi. Shikeni neno hilo la mlango, tutalirudia.

Juu ya vinavyoharibu tiyo sitakawia, tumekwisha kuviandika mara nyingi: tumbako, tensioni ya juu, ugonjwa wa sukari, unene wa tumbo, chumvi nyingi ya makayabu, lutuku ya kila jioni. Na damu ya ukoo: mtu ambaye baba yake alikufa kwa moyo mbele ya kuzeeka asingoje kuumwa ndipo aje kupimwa.

DINAMITI CHINI YA ULIMI

Dawa ya zamani ya anjini inawahusu sana watu wa mukini, kwani imetoka katika kazi yetu wenyewe. Ni nitrogliserini, ile ile ambayo Alfred Nobel wa Uswidi aliichanganya na udongo mkavu katika mwaka 1867 na kuiita dinamiti. Wazee waliopiga baruti siku za dinamiti wanakumbuka maumivu ya kichwa yaliyowapata wakiishika kwa mikono mitupu. Haikuwa uchawi. Nitrogliserini inapita ndani ya ngozi na kupanua mishipa ya damu, na mishipa ya kichwa ikipanuka, kichwa kinagonga. Katika viwanda vya baruti waliona jambo lingine la kutisha: mwili wa mfanyakazi ulizoea, na akipumzika siku mbili tatu mishipa ilijikaza tena, hata wengine wakashikwa na maumivu ya kifua siku ya mapumziko ao Siku ya Kwanza asubuhi, na wengine wakafa.

Mganga William Murrell wa London alionyesha katika mwaka 1879 kwamba nitrogliserini kidogo sana inatuliza anjini. Nobel mwenyewe, mbele ya kufa kwake katika mwaka 1896, alipewa na waganga wake dawa iliyotoka katika kitu kile kilichomtajirisha. Leo ni kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi, ao dawa ya kupulizwa mdomoni. Hakilipuki, msiogope. Lakini kinywe ukiwa umekaa, maana kinashusha tensioni mbio na mtu aliyesimama anaweza kuanguka. Na wanaume wanisikilize vizuri: anayetumia dawa hii asiguse vile vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa njiani. Vikikutana mwilini, tensioni inaporomoka, na mtu anaweza kufa.

Kuna dawa nyingine za kupunguza mbio za moyo, na aspirini ya kila siku kama mganga ameiandika. Kuna pia kazi ya fundi. Katika mwaka 1967, kule Cleveland katika Marekani, René Favaloro, mganga aliyetoka Argentina, alichukua mshipa wa mguu na kuupachika moyoni ili damu ipite kando ya mahali palipoziba, sawa na tiyo ya kuzunguka bomba lililoharibika. Katika mwaka 1977, kule Zürich, Andreas Grüntzig aliingiza ndani ya mshipa wa moyo uzi wenye mpira mdogo, akaupuliza, mshipa ukafunguka.

Wagonjwa wengi wanasaidiwa kwa njia hizo. Lakini wanabaki wengine. Mishipa yao imeziba mahali pengi, hata katika matawi madogo ambayo fundi hawezi kuyashona. Ao wamekwisha kupasuliwa mara mbili. Ao mapafu na figo zao haziwezi kuvumilia kupasuliwa. Wanakunywa dawa zote, na bado kifua kinawakaza wakivaa viatu, wakila bukari, wakicheka na watoto. Hao ndio watu wa umeme. Si yule aliyeanza kuumwa jana.

UMEME UNAINGIAJE HAPA?

Umeme wa kutuliza maumivu si jambo jipya. Wavuvi wa mito yetu wanamjua yule samaki mnene asiye na magamba anayepiga mkono mpaka unakufa ganzi. Waroma walikuwa na mwenzake wa baharini, na Scribonius Largus, mganga wa Roma katika karne ya kwanza, aliandika kwamba samaki huyo awekwe kwenye kichwa kinachouma ao chini ya mguu wenye ugonjwa wa viungo. Umeme ulituliza, lakini hakuna aliyejua sababu.

Sababu ilianza kuonekana katika mwaka 1965. Ronald Melzack wa Canada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kwamba ndani ya kamba ya fahamu ya mgongo kuna kitu kama mlango. Fikirini kaji ya kushukia shimoni wakati posti zinapobadilishana. Watu wote wanataka kuingia, lakini nafasi ni ndogo, na kapita wa kaji anasimamisha wengine. Habari za maumivu zinapita katika nyuzi nyembamba. Habari za kuguswa na kusuguliwa zinapita katika nyuzi nene. Zile nene zikifika nyingi, kapita anafunga mlango mbele ya zile nyembamba. Ndiyo sababu mtoto akigonga kiwiko anakisugua mbio bila kufundishwa na mtu. Umeme mdogo unafanya kazi ya mkono unaosugua: unaamsha nyuzi nene.

Kwa moyo, waganga walianza shingoni. Katika mwaka 1967 Eugene Braunwald na wenzake katika Marekani waliandika juu ya wagonjwa wa anjini waliowekewa nyaya kwenye mishipa ya fahamu iliyo kando ya mshipa mkubwa wa damu wa shingo. Mgonjwa akisikia maumivu aliwasha chombo, moyo ukapunguza kazi, maumivu yakaisha. Njia hiyo iliachwa, kwani wakati uleule dawa mpya na kazi ya Favaloro zilikuwa zinaingia.

Njia ya pili ni nyepesi, haipasui mtu. Waganga wa Göteborg katika Uswidi waliandika juu yake katika mwaka 1982. Mgonjwa anabandikwa vipande viwili vya mpira kifuani, pale panapouma, na nyaya zinakwenda kwenye chombo cha kuingia mfukoni, chenye batri ndogo, mara nyingi ya volti 9. Akiwasha, anasikia kutekenywa, sawa na mguu uliokufa ganzi unapoamka. Chombo cha namna hiyo kinatumiwa pia na watu wa kine kwa migongo na magoti. Shida yake kubwa ni ngozi: kwa wengine inawasha na kutoka vipele chini ya mpira. Na mtu aliyekwisha kuwekewa mashini ya kusukuma mapigo ya moyo asikibandike bila mganga wake wa moyo kukubali, maana vyombo viwili vinaweza kuchanganyana.

Njia ya tatu ni ya hospitali kubwa. Norman Shealy wa Marekani aliijaribu kwanza katika mwaka 1967, kwa mgonjwa wa kansa. Katika mwaka 1987 Murphy na Giles, kule Australia, waliandika juu ya wagonjwa wa anjini waliosaidiwa nayo. Mganga anapitisha kwa sindano nene waya laini mgongoni, mpaka upande wa juu, nje kidogo ya kamba ya fahamu yenyewe, hautobolewi uti. Mgonjwa yuko macho, kwa sababu ni yeye anayeongoza: «Sasa nasikia tumboni… panda… sasa nasikia pale moyo unaponiuma.» Kutekenywa kukifunika mahali pa maumivu, waya unafungwa, na batri inafichwa chini ya ngozi ya tumbo ao ya matako. Mgonjwa anawasha na kuzima mwenyewe, kutoka nje. Batri nyingine zinakwisha kisha miaka fulani na kubadilishwa kwa kupasua kidogo. Nyingine zinachajiwa juu ya ngozi.

JE, UMEME UNAFICHA KIFO?

Hili ndilo swali lililowasumbua waganga wenyewe. Maumivu ni sirène. Je, tukikata waya wa sirène, mtu hatakufa bila kujua?

Walipima. Katika mwaka 1993 waganga wa Göteborg waliandika juu ya wagonjwa ambao mioyo yao ilikimbizwa kwa mashini mpaka ikauma, mara umeme wa mgongo ukiwa umezimwa, mara ukiwa umewashwa. Ukiwa umewashwa, moyo ulivumilia mbio zaidi mbele ya kuuma, na dalili za kukosa hewa zilipungua ndani ya moyo wenyewe. Maana yake si maumivu tu yaliyofichwa. Moyo nao ulipata nafuu. Na walipozidisha mbio, maumivu yalikuja. Katika mwaka 1994 waganga wa Denmark walionyesha kwamba wenye chombo hicho wakipatwa na infarkti, yaani sehemu ya moyo kufa, kwa kawaida bado wanasikia maumivu. Sirène imepunguzwa sauti, haikukatwa.

Kisha, katika mwaka 1998, Göteborg walitoa habari ya wagonjwa 104 ambao kupasuliwa kungekuwa na hatari kubwa kwao. Nusu walipachikwa mishipa mipya, nusu wakapewa umeme wa mgongo. Maumivu yalipungua sawasawa pande zote mbili. Waliopasuliwa waliweza kufanya kazi ya nguvu kuliko wengine. Lakini katika miezi ya kwanza waliokufa walikuwa wengi zaidi upande wao. Kisha miaka mitano hesabu ya waliobaki hai ilikuwa karibu sawa.

Lakini waganga hawajapatana. Katika mwaka 2008 shirika la serikali linalopima matibabu katika Uingereza lilisema umeme wa mgongo usitumiwe kwa maumivu ya moyo isipokuwa katika uchunguzi, kwa sababu majaribio ni machache na madogo. Katika mwaka 2012 waganga wa Canada walisema mgonjwa aliyekosa njia nyingine anaweza kupewa. Waganga wa moyo wa Ulaya walisema vilevile katika mwaka 2019. Ugumu mmoja unaeleweka: ukitaka kujua kama dawa ina nguvu, unawapa watu wengine kidonge kitupu bila wao kujua. Umeme mtu anausikia, utamdanganyaje? Mawazo yangu mimi ni haya: kwa mtu aliyefika mwisho wa njia, ambaye hawezi kutoka kitandani mpaka mlangoni, kusubiri mabishano yaishe ni kumwacha ateseke. Lakini kwa mtu ambaye bado ana njia nyingine, umeme si mahali pa kuanzia, kwani haufungui mshipa ulioziba hata kidogo. Waya nao unaweza kusogea na kuacha kusaidia, na kidonda kinaweza kuingia uchafu.

Kazi hiyo haifanyiki katika hospitali ya kambi. Tunachofanya hapa ni kumpima mtu, kumpa dawa, na kuandika barua ya kumpeleka kwa mganga wa moyo.

MAMBO YA KAZINI NA YA NYUMBANI

Nimemwona mtu aliyejifunga kifuani nyaya za batri ya gari na vitambaa vilivyolowa, kwa sababu jirani alimwambia umeme unaponya moyo. Alifika kwetu na vidonda viwili vya kuungua, na anjini yake palepale. Angetumia umeme wa ukutani angefika kwa machela. Chombo cha mganga kinatoa mapigo mafupi, kila moja chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na nguvu yake inahesabiwa kwa sehemu za elfu za ampere. Umeme wa volti 220 ukipita kifuani unautia moyo wazimu: unatetemeka badala ya kupiga. Mafundi wa umeme mnajua hayo, waelezeni majirani zenu. Na anayeuza sokoni chombo cha «kuponya moyo» mwulizeni kama amepima moyo wa yeyote kati ya wateja wake.

Mwenye chombo ndani ya mwili amwambie shefu wake na atembee na karatasi ya hospitali. Kusude kwa umeme, sumaku kubwa za kuondoa vyuma katika mawe, na mashini zenye umeme mkubwa si mahali pake mpaka mganga aseme.

Kwa yule anayeficha «upepo» wake: kama wewe ni dereva wa lokomotivu, ao mtu wa treuil anayeshusha kaji, kifua chako kinabeba wenzako. Afadhali kubadilishwa kazi ukiwa hai. Na anjini inayoanza kuja bila kazi, ao usiku, ao mara nyingi kuliko wiki iliyopita, isingoje vizite. Njoo siku hiyo hiyo.

Mama, hili ni lako. Mzee akishikwa, mkalishe, fungua mkanda na shati, mpe kidonge cha chini ya ulimi kama mganga amemwandikia, na uangalie saa. Dakika 5 zikipita bila nafuu, tuma mtu kwenye dispansere alete ambulansi, hata kama mzee anakataa, hata kama chombo chake cha umeme kimewashwa. Mtu asiye na dawa hiyo, akikazwa kifua bila kufanya kazi, ao akitoka jasho la baridi, ao akitapika na kukosa pumzi, tuma mara moja bila kungoja dakika hata moja. Wanawake, na wenye ugonjwa wa sukari, mara nyingine hawasikii kifua kikiuma sana. Wanasikia uchovu mzito, kichefuchefu na kukosa pumzi tu. Asitembee kwa miguu mpaka dispansere. Andika kwenye karatasi saa maumivu yalipoanza, na ulete vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja, hata vile vya sokoni.